Kodi za kinanda: somo ambalo wanakwaya wa Kagera tayari wanalo

KIJANA anayejifunza kinanda cha kanisani, awe Bukoba mjini au vijijini Muleba, mara nyingi huokolewa na kitufe. Amezoea ufunguo mmoja tu. Kwaya ikianza juu zaidi, hubonyeza kitufe cha kuhamisha sauti na vidole vikaendelea palepale. Siku atakapokalishwa mbele ya piano ya mbao isiyo na kitufe, hataweza hata kuuanza wimbo.

Dawa yake imo katika karatasi za kwaya. Wamisionari wa Kikatoliki walifika Kashozi mwaka 1892, na wa Betheli, waliotangulia Walutheri wa leo, walifika Bukoba mwaka 1910. Uimbaji wa sauti nne ulikua pamoja na makanisa hayo, na hadi leo nyimbo nyingi huandikwa kwa solfa, mfumo ulioenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19. Ubora wa solfa ni kwamba do haifungwi kwenye kibonye kimoja. Ni nyumbani kwa wimbo, popote unapoanzia.

Kodi (si ile ya serikali) ni sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Soprano, alto, tena na besi zinapokutana katika silabi moja, kwa kawaida zimekwisha kuunda kodi. Do-mi-so ni kodi ya kwanza, fa-la-do ya nne, so-ti-re ya tano. Tatu hizo zatosha kusindikiza nyimbo nyingi za ibada.

Wengi hukwama katika kuhama kutoka kodi moja hadi nyingine, kwa sababu huuinua mkono wote na kuurusha. Kwaya haifanyi hivyo. Sikiliza "Amina" ya mwisho wa wimbo, inayotoka kodi ya nne kwenda ya kwanza: do hubaki mahali pake, la hushuka kuwa so, fa hushuka kuwa mi. Vidole navyo vifuate njia hiyo fupi.

Utamu wa muziki wa injili wa Marekani umejengwa juu ya msingi huohuo. Thomas Dorsey wa Chicago, mpiga piano wa bluzi aliyegeukia nyimbo za kanisa na kuunda kwaya ya injili mwaka 1931, aliingiza ladha ya bluzi katika ibada. Mfano mmoja wa mtindo huo: re-fa-la-do, kisha so-ti-re-fa, kisha do-mi-so. Do inashuka kwenye ti, fa inasubiri, halafu inatua kwenye mi. Ukitaka kuingia la-do-mi kwa kishindo, tangulia na mi-si-ti. Mwanakwaya anaijua si, ile so iliyopandishwa nusu.

Hata hivyo, si kila wimbo unaudai utajiri huo. Kihaya ni lugha ya toni, na wimbo wenye asili ya enanga hufuata kupanda na kushuka kwa maneno. Ukirundikiwa kodi, maneno humezwa. Hapo, kwa maoni ya mwandishi huyu, besi na sauti moja ya juu zinatosha.

Anayeanza achukue karatasi moja ya wimbo anaoujua, apige besi kwa mkono wa kushoto na sauti tatu kwa kulia, do ikiwa C. Wiki inayofuata aihamishie do kwenye D, kisha kwenye E-flati, bila kukigusa kitufe.