HESABUNI KONOKONO WA MAJI YENU: NUSU SAA KWA WIKI INAYOLINDA WATOTO

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Mbele ya kuingia chini ya shimo, mtu wa usalama amekwisha kupima hewa na kuandika kipimo ndani ya kaye. Bila kipimo, hakuna mtu anayeshuka. Hiyo ni sheria, na kila mmoja anaijua. Lakini saa ya kazi inapokwisha unarudi nyumbani, na unakuta watoto wanatoka mtoni, nguo zimelowa. Nani amepima maji yale?

Leo tunataka kuwaambia kazi moja ambayo ninyi wenyewe, baba, mama na vijana wa shule, mnaweza kuifanya: kuhesabu konokono wa maji na kuandika hesabu yao. Si mchezo wa watoto. Ni kazi ya elimu, na wataalamu wanaihitaji.

KONOKONO ANAHUSU NINI AFYA YETU?

Iko ugonjwa unaoitwa bilarzia. Ndugu zetu wa mashariki wanauita kichocho. Unaletwa na minyoo midogo inayokaa ndani ya mishipa ya damu. Munganga Theodor Bilharz aliigundua mwaka 1851 huko Cairo, na jina la ugonjwa limetoka kwake.

Namna yake ni hii. Mtu mgonjwa anakojoa au anajisaidia majini au kando ya maji. Mayai ya minyoo yanaingia majini na kupasuka. Vidudu vinavyotoka vinatafuta konokono. Wasipompata, vinakufa. Wakimpata, vinakaa ndani yake wiki kadhaa na kuzaana. Halafu konokono anatoa vidudu vingine, elfu nyingi, na hasa wakati jua linapokuwa juu kichwani. Hivi vinapita ngozi ya mtu yeyote aliye ndani ya maji: mtoto anayeoga, mama anayefua, baba anayevua samaki, kijana anayesafisha mawe ya madini mtoni. Havihitaji kidonda. Dakika chache zinatosha.

Nchini Kongo tunazo aina mbili. Moja inashika kibofu, na mgonjwa anakojoa damu. Nyingine inashika matumbo na maini: tumbo linauma, damu inaonekana chooni, na baada ya miaka tumbo linavimba. Mtoto anakosa nguvu, damu yake inapungua, na shuleni anabaki nyuma. Wengi wanadhani ni uvivu. Kumbe ni minyoo.

Dawa iko: praziquantel. Munganga anaitoa kwa kadiri ya uzito wa mtu. Lakini dawa inaua minyoo iliyo ndani ya mwili tu. Mtoto akirudi katika maji yale yale, anashikwa tena. Kwa hiyo lazima tujue maji.

MFANO WA RICHARD-TOLL

Huko Senegal, mwaka 1986, walimaliza kujenga baraji ya Diama juu ya mto Senegal. Chumvi ya bahari haikupanda tena mtoni. Maji yakawa matamu na kutulia, majani yakaota, konokono wakaongezeka. Richard-Toll ni mji wa wafanyakazi wa kampani ya sukari, mji wa kazi kama yetu. Mwaka 1988 waganga walianza kuona pale bilarzia ya matumbo, na katika miaka michache wakaaji wengi walishikwa.

Tazama vizuri: ugonjwa ulijulikana kwa kuhesabu wagonjwa. Inafaa kuhesabu mbele, wakati hatari iko bado ndani ya konokono na haijaingia katika mtoto. Na sisi pia tuna maji yaliyotulia: mabwawa ya samaki, mifereji, mashimo ya zamani yaliyojaa maji, na maziwa nyuma ya baraji.

WENGINE WAMEKWISHA KUANZA

Tangu mwaka 2020, wakaaji wa vijiji vya kando ya ziwa Albert, upande wa Uganda, na wakaaji wa Kongo Central katika nchi yetu, wamefanya kazi hii pamoja na Université ya Mbarara, Université ya Kinshasa na Muzeo ya Tervuren kule Ubelgiji. Walikuwa raia tu, waliofundishwa. Kila wiki walikwenda mahali pale pale, wakavua konokono kwa nusu saa, wakawatenga kwa aina, wakawahesabu, wakapeleka hesabu na picha kwa telefoni. Halafu wakawaeleza majirani mambo waliyoyaona. Mtaalamu anakuja mara moja na kurudi mjini. Jirani wa maji anayaona kila wiki, wakati wa mvua na wakati wa jua.

NAMNA YA KUFANYA KAZI

1. Anza kwa dispanseri. Usianze peke yako. Mweleze munganga na mkubwa wa usalama, ili hesabu ifike katika zone ya afya na mtu awafundishe.

2. Jilinde wewe kwanza. Vaa viatu virefu vya mpira na mifuko ya mpira ya mikono. Tumia chungio lenye mti mrefu, simama ukingoni, usiingie majini. Fanya kazi asubuhi mapema. Watoto wadogo wasiguse kitu. Wao wanaweza kuandika.

3. Usiende kamwe kwenye mabwawa ya takataka za usine. Iko aside na matope yanayomeza mtu.

4. Chagua mahali ambapo watu wanafua au wanaoga. Rudi pale pale kila wiki, na chungio lile lile, kwa nusu saa ile ile. Ukibadili mambo haya, hesabu mbili hazilingani.

5. Jua aina mbili. Wa kwanza ni bapa, amejizungusha kama kamba iliyolazwa juu ya meza: ni Biomphalaria, wa bilarzia ya matumbo. Wa pili ana ncha. Mshike kwa kibano, ncha juu, mlango wa nyumba yake ukielekea kwako. Mlango ukiwa upande wa kushoto, anaweza kuwa Bulinus, wa bilarzia ya kibofu. Konokono wengi wengine mlango wao ni wa kuume. Ukiwa na mashaka, piga picha na kuandika «sijui».

6. Andika tarehe, saa, mahali, hesabu ya kila aina, kama majani ni mengi, kama mvua imenyesha, na watu wangapi wako majini.

ANDIKA UKWELI

Utasema: «Leo sikupata hata mmoja, niandike nini?» Andika sifuri. Sifuri ni habari kubwa. Na kama hukwenda, andika «sikwenda», usiandike sifuri. Fundi wa pompe anayeandika kipimo bila kuangalia mashini anajua anachohatarisha. Hapa ni vilevile: mtu akibuni hesabu, maji mabaya yataitwa mazuri, na watoto ndio watakaolipa.

Utasema tena: «Nikiona konokono hawa, maji yana ugonjwa?» Hapana, si lazima. Konokono anaweza kuwa mzima. Jicho halioni vidudu, ni laboratwari tu inayojua. Lakini mahali wanapojaa, na watu wanajisaidia karibu, ni mahali pa kuogopa.

Mwingine atasema: «Tuwaue wote kwa dawa!» Ni kweli, huko Misri zamani walitumia sulfati ya shaba, chumvi inayotoka katika madini yetu haya. Lakini dawa inayoua konokono inaua na samaki. Usimwage kitu chochote, wala aside, wala dawa ya shamba. Hiyo ni kazi ya wenye ruhusa.

HESABU ITALETA NINI?

Baada ya miezi, kaye itaonyesha ni mahali gani pa kufulia panapopita pengine kwa hatari, na ni wakati gani wa mwaka. Hapo munganga anajua watoto gani wapimwe kwanza. Kamati ya kambi inajua wapi majani yakatwe, wapi choo kijengwe, wapi bomba liombwe. Na mtu akienda kuomba bomba na kaye mkononi, anasikiwa kuliko yule anayelalamika tu.

Wakati mnapongoja, chemsha maji ya kuoga, au yaweke siku mbili ndani ya chombo kisicho na konokono, ndipo vidudu vinakufa. Jisaidie chooni, mbali na maji. Na mtoto anayekojoa damu apelekwe dispanseri leo, si kesho.

Ndugu, chini ya shimo hushuki bila kipimo. Basi, usimwache mtoto wako ashuke majini bila kipimo.

CHUNGIO, KAYE NA UKWELI: NDIYO USALAMA WA MAJI YETU.