Operesheni Haimnyimi Mtoto Ziwa la Mama

Liko neno moja lisemwalo mara nyingi mitaani, nalo limekwisha kuingia hata katika nyumba za watu wenye elimu: kwamba mama aliyezaa kwa operesheni hana maziwa, na kwamba mtoto wake hana budi kulelewa kwa kopo. Neno hilo si kweli. Twalisema hili mapema bila ya kuzunguka, maana uongo huu umewagharimu wengi. Umewagharimu watoto kinga ya miili yao, umewagharimu akina mama imani yao, na umewagharimu wafanyakazi sehemu kubwa ya mishahara yao kwa kununua kitu ambacho nyumbani kilikuwapo bila ya kulipiwa.

Jambo hili si dogo, wala si la watu wachache. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba watoto 21 katika kila 100 wanaozaliwa duniani huzaliwa kwa operesheni. Baadhi ya operesheni hizo ni za ghafla, mama na mtoto wakiwa hatarini. Lakini nyingine hupangwa mapema: mama alikwisha kupasuliwa katika uzazi uliopita, au mtoto amekaa kitako, au kondo la nyuma limeziba njia. Hizi za kupangwa ndizo tunazozizungumza leo, kwa kuwa zina faida moja ambayo uzazi mwingine hauna. Siku yake inajulikana. Na mtu anayejua siku ya safari yake, asipofunga mizigo mapema, hana wa kumlaumu. Lakini tuseme pia kwamba mizigo ya safari hii haifungwi na mama peke yake, na hilo ndilo neno letu kubwa la leo.

Kwanza yafaa tuelewe maziwa hutoka wapi. Maziwa hayategemei njia aliyopitia mtoto. Tangu katikati ya mimba matiti huanza kutengeneza maziwa ya mwanzo, yaani dang'a. Linalofungua mlango wa maziwa mengi ni kutoka kwa kondo la nyuma. Kondo likiisha kutoka, homoni iliyokuwa ikiyazuia maziwa hushuka ghafla, na kwa kawaida maziwa mengi huja kati ya siku ya pili na ya nne. Kondo hutoka kwa mama aliyezaa kwa njia ya kawaida, na hutoka vilevile kwa mama aliyepasuliwa. Mwili haubagui.

Ni kweli kwamba baada ya operesheni ya kupangwa maziwa mengi huweza kuchelewa kidogo. Mama hakupata uchungu wa uzazi; ana maumivu ya mshono; amechoka; na mara nyingi mtoto hutengwa naye kwa saa nyingi. Lakini tazameni, ndugu: mengi katika hayo yanaweza kurekebishwa na binadamu. Maumivu yana dawa. Uchovu una msaada wa jamaa. Utengano una dawa yake, nayo ni kumrudisha mtoto kifuani kwa mama yake. Kuchelewa si kukosa.

Na dang'a hiyo tusiidharau. Ni nzito, ni ya rangi ya njano, na ni kidogo. Kwa sababu ya rangi yake, wako wanaoikamua na kuimwaga wakidhani ni uchafu. Hiyo ni hasara kubwa, maana imejaa kinga ya kumlinda mtoto na maradhi. Na kwa sababu ya uchache wake, wako wanaopiga kelele kwamba mama hana kitu. Lakini tumbo la mtoto mchanga wa siku moja hupokea kiasi cha kijiko kimoja tu cha chai kwa mara moja. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha siku ya kwanza ni kidogo sana.

Sasa tuyaendee maandalizi. Yapasa yaanze kliniki, wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Mama na amwulize daktari au mkunga wake maswali manne. Je, atachomwa sindano ya ganzi mgongoni, au atalazwa usingizi? Je, mtoto ataweza kuwekwa kifuani pake mle mle katika chumba cha upasuaji, na kama sivyo, ni baada ya muda gani? Je, ikiwa mama hajaweza kumshika, nani atamshika? Na je, atapewa dawa gani za maumivu? Maswali haya si utovu wa adabu. Mganga mwema hufurahi kuulizwa, na mama aliyekwisha kusema kwamba anataka kunyonyesha huwa amewasaidia wauguzi kujipanga.

Mama na ajifunze vilevile kukamua kwa mkono, kwa kuwa mkono safi ni chombo kisichonunuliwa wala hakihitaji umeme. Huweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili, nyuma kidogo ya sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, akasukuma kuelekea kifuani, kisha akabana na kuachia. Kujifunza namna yake si lazima maziwa yatoke. Ama kukamua hasa kabla ya kujifungua, hilo lisifanywe ila kwa ruhusa ya daktari, tena katika wiki za mwisho, kwa sababu kuchezea chuchu huweza kuamsha uchungu. Mwenye kondo lililoziba njia, au aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, asijaribu kabisa bila ya kuambiwa.

Siku ya operesheni ikifika, saa ya kwanza ndiyo ya thamani. Shirika la Afya Duniani na UNICEF hushauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja tangu kuzaliwa, na wala hawakuwatoa waliozaliwa kwa operesheni. Mama aliyepata ganzi ya mgongoni yu macho, na maumivu bado hayajaanza; akisaidiwa, aweza kumpokea mtoto, ngozi kwa ngozi, hata kabla mshono haujakwisha. Aliyelazwa usingizi aweza kunyonyesha mara anapoamka na kuwa na fahamu za kumshika mwanawe. Hapana haja ya kungoja dawa zitoke mwilini, wala hapana haja ya kumwaga maziwa. Na ikiwa mtoto amepelekwa kwenye uangalizi maalumu, mama na aanze kukamua mapema, ikiwezekana katika saa za mwanzo, na arudie mara nane au zaidi kwa siku. Dang'a hiyo hupelekewa mtoto kwa kijiko au kikombe kidogo kilicho safi.

Wodini adui mkubwa ni mshono. Mama akimpakata mtoto juu ya tumbo huumia, na akiumia humwondoa mtoto mapema. Ziko njia mbili nzuri. Ya kwanza ni kulala ubavu, mtoto naye akilazwa ubavu kumwelekea, tumbo lake likigusana na la mama, na mto ukiwekwa mgongoni kwa mama. Ya pili ni kuketi na kumshika mtoto chini ya kwapa, miguu yake ikielekea nyuma, hata asiguse kidonda. Mtoto afunue kinywa wazi na kushika sehemu kubwa ya titi, si chuchu peke yake. Chuchu ikiuma muda wote, ameshika vibaya, na aanzishwe upya.

Wala mama asikatae dawa ya maumivu kwa kuhofia maziwa. Paracetamol na ibuprofen hutumiwa na akina mama wanaonyonyesha, na mwenye maumivu yaliyotulizwa hunyonyesha vizuri kuliko anayeuma meno. Ila akipewa dawa kali zaidi, na amwangalie mtoto. Akimwona amesinzia kupita kiasi au hataki kunyonya, amwite muuguzi pasipo kukawia.

Mtoto na anyonye mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, mchana na usiku, maana kila anaponyonya huagiza maziwa ya kesho. Atakayemjaza maji ya sukari au maziwa ya kopo bila ya agizo la daktari huwa ameifuta ile hati ya kuagizia. Dalili za kushiba si kelele za majirani, bali nepi: kuanzia siku ya tano mtoto hukojoa mara sita au zaidi kwa siku. Kupungua uzito kidogo siku za mwanzo ni kawaida, na kwa kawaida uzito huo hurudi zikifika wiki mbili. Lakini mtoto akiwa wa manjano na mlegevu, au akakataa kunyonya, au mama akapata homa, au mshono ukatoa usaha, hapo si mahali pa subira. Warudi hospitali siku ile ile.

Akina mama wenye virusi vya UKIMWI nao wasiogofywe. Anayetumia dawa zake za ARV ipasavyo na kufuata kliniki hushauriwa kumnyonyesha mwanawe maziwa yake tu kwa miezi 6 ya kwanza, na kuendelea pamoja na vyakula vingine baada ya hapo.

Sasa twawageukia akina baba na jamaa. Mama aliyepasuliwa hawezi kuinuka kila mtoto anapolia, wala hawezi kuchota maji na kuinua sufuria. Kama hana wa kumletea mtoto usiku, mtoto hatanyonya usiku. Na asiponyonya usiku, maziwa hupungua. Na yakipungua, husemwa kwamba hana maziwa! Hapo lawama humwangukia asiyestahili. Yapasa baba amtafute mapema mtu wa kukaa na mzazi, naye mwenyewe ajifunze kubadili nepi na kumlaza mtoto ubavuni pa mama yake. Na bibi wanaopika mtori na uji wa mzazi, ambao twawaheshimu, twawaomba jambo moja: supu na uji viwe vya mama, mtoto asionjeshwe chochote, hata maji, mpaka miezi 6 itimie.

Waajiri nao wana sehemu yao, tena ya kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi mwanamke siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Yampasa atoe taarifa miezi 3 kabla ya kujifungua pamoja na cheti cha daktari. Baba hupewa siku zisizopungua 3, akizichukua ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Na mama anyonyeshaye aruhusiwe muda wa hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, kumnyonyesha mwanawe.

Hebu tuhesabu. Siku 84 ni wiki 12. Miezi 6 ni wiki 26. Kati ya hizo mbili pana pengo la wiki 14, na mama aliyepasuliwa huwa ametumia sehemu kubwa ya likizo yake kuuguza kidonda. Zile saa mbili, basi, si hisani ya msimamizi. Ndizo daraja la kuvukia pengo hilo. Twavitaka vyama vya wafanyakazi vizidai katika kila kiwanda na ofisi, pamoja na chumba kisafi cha kukamulia. Maziwa yaliyokamuliwa katika chombo safi chenye kifuniko huweza kukaa nje ya friji kwa muda wa saa 4, na penye joto kali muda huo hupungua.

Lakini tukisema sheria tu tutakuwa tumewasahau walio wengi: mama lishe, muuza mboga sokoni, na mkulima mwenye jembe lake. Hao hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Likizo yao ni jirani mwema. Hapa ndipo matawi yetu na Umoja wa Wanawake wanapopaswa kuonekana. Balozi wa shina aliyesikia kwamba mama fulani ana tarehe ya operesheni aweza kuwauliza jirani: nani atachota maji, nani atapika, nani atashika genge lake wiki hizo? Kazi hiyo haihitaji bajeti.

Na wauza makopo tuwaambie kwa adabu kwamba dunia iliwawekea mpaka zamani. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia maziwa ya kopo yasitangazwe kwa wananchi wala yasigawiwe bure kwa akina mama. Kopo ni dawa ya mwenye haja nalo, kwa agizo la mganga. Na mama ambaye kwa sababu ya ugonjwa ameshindwa kunyonyesha, twamwonea huruma na wala hatumlaumu. Tunaowalaumu ni wale wamwambiao mwenye maziwa kwamba hana.

Tangu siku za kupigania Uhuru tumefundishwa kwamba maadui zetu ni ujinga, maradhi na umaskini. Katika jambo hili wote watatu huingia kwa mlango mmoja: ujinga humwaga dang'a, maradhi humpata mtoto, na umaskini hununua kopo. Mlango huo twaweza kuufunga, na kwa operesheni ya kupangwa tarehe ya kuufunga tumekwisha kupewa. Kila mwanachama anayesoma maneno haya, na amtazame mama mjamzito aliye karibu naye, amwulize tarehe yake, na amwambie atamsaidia nini.