Una kompyuta mbili za Linux? Wacha kubeba faili kwa flashi

IKIWA una laptopu ya kwenda nayo chuoni na kompyuta ya mezani nyumbani, zote za Linux, hii kero unaijua. Ripoti uliyorekebisha jana iko kwa mashine ile nyingine, na kwenye flashi kuna faili tatu: "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho sasa". Ipi ndiyo yenyewe?

Wengi hujitumia faili kwa baruapepe. Sawa, lakini bando linaliwa mara mbili, kupandisha na kushusha, hali mashine zote ziko juu ya meza moja.

Linux ina dawa ya zamani, rsync, iliyotolewa 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia. Ujanja wake ni huu: faili ikiwa tayari iko pande zote mbili na imebadilika kidogo, programu hii huilinganisha vipande vipande na kutuma vilivyobadilika tu. Mashine zikiwa kwenye Wi-Fi moja na SSH imewekwa, unaandika hivi:

rsync -av Kazi/ mezani:Kazi/

Hapo "mezani" ni jina la kompyuta ya pili. Usipuuze mkwaju ulio baada ya Kazi ya kwanza. Ukiuacha, utapata folda ya Kazi ndani ya Kazi, na hapo ndipo watu huanza kulaumu Linux bure.

Shida ni kwamba rsync huenda upande mmoja. Ukihariri faili ileile pande zote mbili, ya laptopu huifunika ya mezani hata kama ya mezani ndiyo mpya, isipokuwa umeongeza -u. Ukiongeza --delete, kila kisichokuwa upande wa kwanza kinafutwa upande wa pili. Sasa fikiria folda ya kwanza iko tupu kwa sababu diski haikushikana vizuri. Kazi ya muhula mzima, kwisha! Kwa hivyo anza na -n kila mara. Itakuonyesha kitakachofanyika bila kugusa chochote.

Kwa anayehariri huku na kule, Syncthing ni afadhali. Ni ya bure na imekuwapo tangu 2013. Kwa Ubuntu au Debian, andika sudo apt install syncthing, iwashe, kisha fungua 127.0.0.1:8384 kwenye kivinjari na uzijulishe mashine zako. Kwenye Wi-Fi moja huzungumza moja kwa moja, bila bando. Sharti tu ziwe zimewaka kwa wakati mmoja, na stima ikipotea, huendelea ilipoachia ikirudi. Ukibadilisha faili moja pande zote mbili, nakala moja hubaki na maneno "sync-conflict" kwa jina lake. Usiifute kabla hujaisoma.

Lakini Syncthing pia husambaza makosa. Ukifuta laptopuni, na mezani inafutwa. Washa chaguo la kuhifadhi matoleo ya zamani kwenye mashine zote mbili, kwani kila moja huhifadhi tu yale yanayobadilishwa na mwenzake.

Halafu tafuta diski ya nje. Mara moja kwa wiki ichomeke, nakili kwa rsync bila --delete, kisha ichomoe uiweke kwa droo.