Kware wa manjano: Urembo unaogharimu robo ya mayai

MFUGAJI wa kware anapokuta robo ya mayai yake haikuanguliwa, mara nyingi lawama huiangukia mashine, au stima iliyopotea usiku. Lakini iwapo ndege wake wote ni wa manjano, huenda chanzo kimo katika urithi wao.

Ufugaji wa kware wa Kijapani ulivuma nchini mwaka wa 2013, kabla ya soko kuporomoka mwaka uliofuata. Kwa mfugaji mdogo wa Kangemi au Kawangware, anayetarajia kuuza mayai katikati ya jiji, kupoteza robo si jambo dogo.

Kware wa kawaida ana manyoya ya hudhurungi. Umanjano hutokana na kukosekana kwa kipande cha chembechembe za urithi, kama watafiti walivyobainisha mwaka wa 2008. Kifaranga anayerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja huwa wa manjano na huishi. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili hufa angali kiinitete, siku za mwanzo kabisa. Ndiyo maana yai lake likimulikwa hudhaniwa kuwa halikurutubishwa.

Hivyo basi, katika kila mayai 100 yaliyorutubishwa ya wazazi wa manjano, takriban 25 huharibika, 50 hutoa vifaranga wa manjano na 25 wa hudhurungi. Kizazi cha manjano pekee hakipatikani. Mwanasayansi Mfaransa Lucien Cuénot alikumbana na kitendawili kama hicho kwa panya wa manjano mwaka wa 1905.

Suluhisho ni kumpandisha wa manjano na wa hudhurungi. Takriban nusu ya vifaranga watakuwa wa manjano, na hakuna atakayekufa kwa sababu hiyo.

Kware mwenye manyoya meupe na macho mekundu ana tatizo tofauti. Macho yake hukosa rangi ya kuyakinga dhidi ya mwanga, hivyo huona kwa shida. Jike huhitaji kurithi kasoro hiyo kwa baba pekee, naye baba huenda ni wa hudhurungi. Ndege kama huyo awekwe kivulini, chakula na maji yakiwa karibu.

Zaidi ya yote, mfugaji aandike ni dume yupi aliyepandishwa na jike yupi. Bila kumbukumbu hizo, atanunua mashine mpya na hasara ibaki ile ile.