99.9 ya Korogocho si 99.9 ya Kibera

Ukiwa Korogocho, weka redio kwa 99.9 na utaipata Koch FM. Sasa panda matatu hadi Kibera, usiguse kitu. Nambari ni ileile, lakini sauti ni ya Pamoja FM. Redio yako haijaharibika, tulia. Hizi ni stesheni mbili za mtaa zinazotumia masafa yaleyale ndani ya jiji moja, na zinaelewana kwa sababu mitambo yao ina nguvu kidogo. Redio hushika ile inayosikika kwa nguvu zaidi pale ulipo.

Zile kubwa ni hadithi nyingine. Radio Citizen 106.7 au Capital FM 98.4 utatembea nazo Nairobi nzima. Si ati watangazaji wao wana sauti nzito. Mawimbi ya FM husafiri karibu moja kwa moja kama mwanga wa tochi, kwa hivyo mwenye mlingoti mrefu, mahali pa juu kama Limuru, anakupata ukiwa mbali. Mlima ukiingia katikati, kwisha. Muulize dereva yeyote wa Naivasha kinachofanyikia redio yake akiteremka Mai Mahiu.

Basi tunacheka stesheni za mtaa: “Hiyo hata haifiki tao!” Nami nimewahi kusema hivyo. Lakini Koch FM ilianza 2006 ndani ya kontena ili wakazi wa Korogocho wajisemee, na ghasia za uchaguzi wa 2007 zilipozuka, Pamoja ilikuwa pale pale Kibera ikihimiza majirani watulie, kwa lugha wanayoongea. Stesheni ya nchi nzima itakuambia kuna fujo Nairobi. Wewe unataka kujua kama njia ya kwenda kwenu inapitika.

Shida ni doo. Mwenye tangazo la biashara hununua masikio mengi, na stesheni isiyovuka mto haina mengi ya kumuuzia. Ikizimika, ni mtaa wenu utakaogundua.

Kwa hivyo leo usiku, kabla hujamaliza bando, jaribu. Mulika mwizi inatosha. Chomeka waya wa vipokea sauti, maana ndio antena, kisha utafute 99.9. Kama nyumba ni ya mabati na inakwaruza, sogea mlangoni.