Hisabati Ipi kwa Anayeutaka Uzamivu wa Uchumi?

Kijana aliyemaliza kidato cha sita na EGM (uchumi, jiografia na hisabati) huingia chuo kikuu akijiona keshamalizana na hisabati. Mwenzake wa HGE (historia, jiografia na uchumi), aliyepita na BAM tu, yaani hisabati ya msingi, huomba asikutane nayo tena. Wote wawili wakifika mwaka wa tatu na kuanza kuwaza uzamivu wa uchumi, hugundua kuwa mlima bado uko mbele, na kwamba hisabati inayotakiwa huko si ile waliyoizoea.

Mwaka wa kwanza wa uzamivu, hasa Marekani, ni nadharia tupu: uchumi mdogo, uchumi mpana na ekonometriki, kisha mitihani ambayo asiyeivuka huaga masomo. Katika uchumi mdogo, kitabu kilichotawala kwa miaka mingi ni kile cha Mas-Colell, Whinston na Green, kilichotoka mwaka 1995. Maswali yake mengi hayataki kujua jibu ni ngapi. Yanataka kujua kama jibu lipo, kama ni moja tu, na unathibitishaje.

Swali la kama jibu lipo linaonekana la kichekesho mpaka ulijaribu sokoni. Mama yuko Kariakoo na shilingi 20,000, anataka mchele na maharage. Masharti: asizidishe 20,000. Hapo kapu lililo bora kuliko yote lipo, na atalipata. Sasa badili kidogo tu: matumizi yake yawe chini ya 20,000, yasiifikie. Akitumia 19,900, kuna kapu bora zaidi la 19,990. Akilichukua hilo, kuna la 19,999, na muuzaji akikubali kumpimia hata chembe moja ya mchele, safari hiyo haina mwisho. Kapu bora halipo kabisa! Umeondoa mpaka tu, na swali zima limekosa jibu.

Somo linalomfundisha mtu kuona tofauti hiyo, na kuithibitisha mstari kwa mstari, ni uchanganuzi wa namba halisi. Katika vyuo vingi halifundishwi idara ya uchumi; mwanafunzi huvuka ua kwenda idara ya hisabati na kukaa na watu waliozoea kuandika uthibitisho. Wiki za mwanzo humtesa hata aliyekuwa akipata A kwenye kalkulasi, maana huko kalkulasi alikuwa akifuata kanuni, na hapa anaulizwa kanuni imetoka wapi.

Uchumi wenyewe ndio ulioihitaji hisabati ya namna hiyo. Mwaka 1954 Kenneth Arrow na Gérard Debreu walithibitisha kwamba, kwa masharti fulani, zipo bei zinazoweza kusawazisha masoko yote kwa pamoja. Nguzo yao ilikuwa nadharia ya mwanahisabati Shizuo Kakutani ya mwaka 1941. Debreu alikuwa amesomea hisabati Paris kabla ya kuhamia uchumi, na Nobel yake ilikuja 1983.

Kabla ya kufika kwenye uchanganuzi kuna masomo yasiyo na mjadala: kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya mstari, na nadharia ya uwezekano pamoja na takwimu. Asiyeziweza matriksi ataihangaikia ekonometriki tangu wiki ya pili. Topolojia na nadharia ya vipimo ni ziada, nazo huwaponza wengi: mwombaji hurundika masomo mazito ili apendeze, akatoka na C mbili. A moja ya uchanganuzi ina uzito kuliko rundo hilo. Alama kamili ya 170 katika hisabati ya GRE, mtihani wa kuombea masomo hayo, nayo haimtofautishi mtu sana, kwa kuwa mtihani huo haupiti mbali na hisabati ya sekondari.

Wa HGE asikate tamaa. Robert Lucas, mshindi wa Nobel ya 1995, shahada yake ya kwanza ilikuwa ya historia. Esther Duflo naye alisoma historia pamoja na uchumi, akaipata Nobel mwaka 2019 akiwa na Abhijit Banerjee na Michael Kremer. Utafiti maarufu wa Kremer na Edward Miguel kuhusu dawa za minyoo ulifanyika katika shule 75 za msingi za Busia, Kenya. Kazi ya namna hiyo hutegemea takwimu kuliko topolojia. Anayewazia utafiti wa vijijini aegemee huko, ila mitihani ya mwaka wa kwanza haitamsamehe kwa sababu hiyo.

Mwenye nafasi ya somo moja tu achukue uchanganuzi, tena mapema. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya uzamivu kati ya Desemba na mwanzoni mwa Januari, na alama itakayotoka baada ya hapo itakuwa imechelewa.