Chagua Chombo Kabla ya Kupima

Muuza maziwa wa soko la Mukuyuni akikuzidishia matone mawili, utashukuru na kwenda zako. Maabarani, matone mawili yayo hayo yaweza kukunyima alama! Tone moja la bureti ni kama mililita 0.05, basi mawili ni 0.1. Katika KCSE, kipimo chako cha titresheni hulinganishwa na cha mwalimu wako, na tofauti ikizidi hiyo 0.1, alama huanza kupungua.

Wengi wetu hudhani ati kila chombo chenye mistari ni cha kupimia. Sivyo! Bika ya mililita 100 yaweza kukosea kwa mililita 5. Mistari yake ni ya kukadiria tu. Silinda ya 100 yaweza kukosea kwa 1 hivi. Pipeti ya 25 hukosea kwa chini ya 0.1, lakini hupima kiasi hicho kimoja tu. Kiasi usichokijua bado, kama asidi inayomiminwa mpaka rangi ibadilike, ni kazi ya bureti.

Kwa hivyo jiulize kwanza: kosa la kiasi gani litaniharibia kazi?

Hata hivyo, chombo kizuri hakimwokoi mzembe. Inama mpaka jicho liwe sawa na uso wa maji, usome chini ya bonde lake. Na lile tone linalobaki nchani mwa pipeti, usilipulize! Lilishahesabiwa kiwandani. Tusije tukailaumu asidi bure.